Tunagawa kwa Ngapi?

Kiswahili kina jina la karibu kila kipande cha kitu. Nusu na robo kila mtu anazijua: nusu mkate dukani, robo kilo ya matumbo buchari. Lakini endelea kuhesabu. Kuna thuluthi, moja ya tatu. Kuna humusi, moja ya tano. Sudusi ni moja ya sita, subui moja ya saba, thumuni moja ya nane, tusui moja ya tisa. Halafu kuna ushuri, moja ya kumi, ndugu wa ule ushuru ambao serikali haisahau kudai. Maneno yote haya yana asili ya Kiarabu, yako kwenye kamusi, na wengi wetu tuliokulia Nairobi, Nakuru ama Eldoret hatujawahi kuyatumia hata siku moja.

Swali ni hili: nani aliyahitaji? Hakuna mtu huenda soko akaomba sudusi ya nyanya.

Vipimo vya zamani vya Pwani vinatuonyesha soko lilihitaji nini. Nafaka ilipimwa kwa kibaba. Vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Yaani ni mara mbili, mara mbili tena. Ukijua kukata nusu, na nusu ya nusu, biashara yako inaenda. Sudusi na thumuni zilikuwa na kazi kwingine: kwenye mirathi, pale mali ya marehemu inapogawanywa na kila mrithi anakuja na sehemu yake mkononi. Hapo ndipo moja ya sita inakutana na moja ya nane, na mtu lazima azijumlishe.

Na hapo ndipo hesabu inakuwa ngumu, kwa sababu sehemu zisizofanana hazijumlishiki hivi hivi.

Vitabu vya shule za msingi Tanzania vinasema sehemu ina namba mbili. Ya juu inaitwa kiasi, ya chini inaitwa asili. Sisi Kenya tulisomea hesabu kwa Kiingereza, kwa hivyo tulikutana na asili tukiambiwa tutafute LCM, tukaitafuta, tukapata tiki, tukasonga mbele bila mtu kutuambia inatafutiwa nini.

Inatafutiwa hivi. Chukua nusu chapati na thuluthi ya chapati. Mkononi una vipande viwili, lakini huwezi kusema "nina mbili" ukanyamaza, kwa sababu mtu atauliza, mbili za nini? Vipande havilingani. Ni kama kuwa na dola moja na shilingi moja halafu useme una pesa mbili. Sasa kata chapati ileile vipande sita vinavyolingana. Nusu ni vipande vitatu, thuluthi ni viwili. Jumla una vitano vya sita. Ile sita ndiyo asili ya pamoja. Chapati haijaongezeka wala kupungua. Kilichobadilika ni kwamba tumepata kipande kidogo ambacho kinaweza kupima madai yote mawili.

Tatizo hili ni la zamani sana. Mwaka wa 1858, Mskoti aitwaye Alexander Henry Rhind alinunua mafunjo ya kale kule Luxor, Misri. Leo mengi ya mafunjo hayo yako British Museum, London. Yaliandikwa yapata mwaka wa 1550 KK na karani aitwaye Ahmes, ambaye mwenyewe anasema ananakili maandishi ya zamani zaidi. Maswali ya kwanza kabisa kwenye mafunjo hayo ni ya kugawia watu kumi mikate. Karani wa Misri alikuwa mtu wa kugawa: mikate, bia, nafaka ya wafanyakazi. Akikosea, kuna mtu analala njaa.

Wamisri walikuwa na sharti moja gumu. Karibu sehemu zao zote zilikuwa na moja juu: moja ya tano, moja ya kumi na tano, na kadhalika. Thuluthi mbili ndiyo iliyoruhusiwa kuvunja sharti. Kwa hivyo swali la 21 la Ahmes linauliza: ukiwa na thuluthi mbili na moja ya kumi na tano, uongeze nini ifike moja kamili? Karani anachagua 15. Thuluthi mbili za 15 ni 10. Moja ya kumi na tano ya 15 ni 1. Jumla 11, imebaki 4. Sasa anatafuta sehemu za 15 zinazofanya 4, anapata moja ya tano, ambayo ni 3, na moja ya kumi na tano, ambayo ni 1. Kazi imeisha. Namba hizo za katikati ziliandikwa kwa wino mwekundu, na wanahistoria wa hesabu huziita namba saidizi nyekundu. Ni asili ya pamoja, ila haikuwa imepewa jina hilo.

Tuje karibu kidogo. Katika karne ya 7, Qurani ilitaja mafungu ya warithi kwa namba kamili. Aya zenyewe ziko Surat An-Nisaa, hasa ya 11, ya 12 na ya 176. Ukizikusanya, sehemu zote ni sita tu: nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Mke ambaye mumewe ameacha watoto anapata thumuni. Mama wa marehemu aliyeacha watoto anapata sudusi. Mume ambaye mkewe hakuacha mtoto anapata nusu. Inaendelea hivyo.

Ebu angalia zile namba za chini: 2, 3, 4, 6, 8. Mtu akifa leo, ni nani kati ya warithi wake watakaobaki hai, hakuna ajuaye. Kila familia ni mchanganyiko wake. Kwa hivyo jamii nzima ya watu wa sheria ililazimika kuwa hodari wa kutafuta asili ya pamoja. Kule Baghdad, enzi za Khalifa al-Ma'mun aliyetawala 813 hadi 833, al-Khwarizmi aliandika kitabu ambacho kilitupa neno aljebra. Jina lake mwenyewe ndilo lililozaa neno algorithimu, ile inayokuchagulia utaona nini ukifungua simu. Watu husahau kwamba sehemu kubwa ya kitabu hicho ni maswali ya wosia na mirathi. Alikuwa anawaandikia watu waliokuwa na kazi ya kufanya: kugawa mali, kukata kesi, kufanya biashara.

Wanazuoni wa mirathi waliita ile namba ya pamoja asl al-mas'ala, asili ya mas'ala. Asl ya Kiarabu na asili ya kitabu cha hesabu cha Tanzania ni neno moja. Pia waligundua kwamba kwa zile sehemu sita, asili zinazohitajika ni saba pekee: 2, 3, 4, 6, 8, 12 na 24. Mwanafunzi akizijua hizo, ameshika mlango.

Wacha tufanye moja. Mzee amefariki. Ameacha mke, mama yake, na kijana mmoja wa kiume. Gharama za mazishi zimelipwa, madeni yamelipwa, na kama kulikuwa na wosia, umetekelezwa bila kupita thuluthi ya mali. Kilichobaki ni shilingi 4,800,000. Mke ana thumuni. Mama ana sudusi. Kijana anachukua kinachobaki. Namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa 8 na kwa 6 ni 24. Thumuni ya 24 ni 3. Sudusi ya 24 ni 4. Zimebaki 17, za kijana. Kila fungu ni shilingi 200,000. Mke 600,000, mama 800,000, kijana 3,400,000. Jumlisha uone.

Sasa ongeza binti. Kijana na dadake wanagawana yale mafungu 17, kijana akihesabiwa mara mbili ya binti, yaani vichwa vitatu. Lakini 17 haigawanyiki kwa 3. Hapo wanazuoni hawakuanza kukatakata desimali. Walichukua 24 wakazidisha kwa 3, wakapata 72. Mke 9, mama 12, kijana 34, binti 17. Hakuna aliyebaki na kipande kilichovunjika. Hatua hiyo waliiita tas-hihi, kusahihisha.

Mpaka hapa hesabu inakubali. Lakini kuna siku ilikataa.

Inasimuliwa kwamba katika ukhalifa wa Umar, kati ya 634 na 644, alikufa mwanamke aliyeacha mume na dada wawili. Mume ana nusu. Dada wawili wana thuluthi mbili. Weka asili ya sita: mume 3, dada 4. Jumla 7. Vipande saba kutoka kwa kitu kilichokatwa sita. Kila mmoja ana haki yake, hakuna anayedanganya, na mali haitoshi.

Hapa ndipo faida ya kutafuta asili inaonekana. Bila hiyo, mume angechukua nusu yake akaenda, na dada wangegundua baadaye kwamba kilichobaki ni kidogo kuliko walichoahidiwa. Anayefika kwanza anashiba. Lakini ukishaweka madai yote kwenye asili moja, upungufu unaonekana kabla mtu yeyote hajashika kitu.

Umar alitaka ushauri kwa masahaba, na suluhisho lililokubaliwa linaitwa awl. Ni hatua fupi: kama mafungu ni saba, basi mali ikatwe saba. Mume 3 za 7, dada 4 za 7. Tuseme mali ni shilingi 4,200,000. Kwa sita, mume angedai 2,100,000 na dada 2,800,000, jumla 4,900,000, pesa ambayo haipo. Kwa saba, mume anapata 1,800,000 na dada 2,400,000. Kila mmoja amepungukiwa kwa kiwango kilekile. Ni kama chama kikianguka na pesa iliyobaki benki haiwatoshi wanachama: mnarudishiwa kulingana na mlichoweka, na hasara inagawanywa kama vile faida ingegawanywa.

Kisa kingine kinamhusu Ali. Inasimuliwa aliulizwa akiwa juu ya mimbari: mtu amekufa, ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Thumuni, thuluthi mbili, sudusi, sudusi. Kwa 24 ni 3, 16, 4 na 4. Jumla 27. Ali alijibu palepale kwamba thumuni ya mke imekuwa tusui, kwa sababu 3 za 27 ni moja ya tisa. Mas'ala hayo yanaitwa ya mimbari mpaka leo.

Si wote waliokubali. Ibn Abbas alipinga awl, kwa hoja kwamba Mungu hawezi kuweka mafungu yanayozidi mali. Washia walishika msimamo huo: kwao wapo warithi ambao fungu lao halipunguzwi kamwe, na upungufu unawaangukia wengine kama mabinti au dada. Kumbe hata pale ambapo maandiko ni mamoja na hesabu ni moja, bado kuna swali ambalo namba peke yake haijibu: mali isipotosha, nani abebe upungufu? Wote kidogo kidogo, au baadhi?

Elimu hii ilisafiri na dhehebu la Shafii mpaka mwambao wetu. Kuna shairi la Kiarabu la karne ya 12, Rahbiyya, ambalo wanafunzi wa fikihi ya Kishafii huhifadhi ili sheria za mirathi zikae kichwani. Kadhi wa mwambao alipaswa kujua haya kwa vidole, kwa sababu warithi wamekaa mbele yake wanamtazama. Hapo ndipo sudusi na thumuni zilikuwa maneno ya kawaida. Binti hakuambiwa "utapata kitu kidogo." Aliambiwa fungu lake kwa jina.

Serikali zilipobadilika, kadhi alibaki. Mwaka wa 1895 Uingereza ilikubaliana na Sultani wa Zanzibar kuhusu kutawala ukanda wa maili 10 wa Pwani, na makadhi wakaendelea na kazi. Mnamo Oktoba 1963, Kenya ikikaribia uhuru, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar Mohammed Shamte waliandikiana kuhusu ukanda huo, na kulinda mahakama za makadhi kulikuwa miongoni mwa yaliyoahidiwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 170, inazitambua: hali ya mtu kisheria, ndoa, talaka na mirathi, pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda huko.

Kwa sisi wengine, kuna Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika 1981. Mwaka wa 1990 ilirekebishwa ili Waislamu wafuate sheria yao. Na ukiisoma hii ya wengine vizuri, utakuta nayo pia inabishana kuhusu asili ya pamoja.

Angalia kifungu cha 40. Kinamhusu mwanamume mwenye wake zaidi ya mmoja aliyekufa bila wosia. Tuseme mke wa kwanza ana watoto wawili, wa pili ana watoto watano. Mila nyingi za bara ziligawa kwa nyumba: nyumba ni mbili, basi asili ni mbili, kila nyumba nusu. Sheria inasema hapana. Hesabu watoto wa kila nyumba, halafu kila mjane aliye hai aongezwe kama kichwa kimoja. Nyumba ya kwanza ina vichwa 3, ya pili 6. Asili ni 9. Nyumba ya kwanza inapata 3 za 9, ya pili 6 za 9.

Kama shamba ni ekari 18, kwa mila kila nyumba ina ekari 9. Kwa sheria, ya kwanza ina 6 na ya pili 12. Ekari tatu zimehama, na hakuna aliyekosea kujumlisha. Kilichobadilika ni namba ya chini tu. Mke wa kwanza, ambaye pengine alilima shamba hilo kabla ya mwenzake kuolewa, ana hoja. Watoto watano wa nyumba ya pili nao wana hoja. Ndugu wanaokosana hadi hawazikani, mara nyingi wanagombania hii namba ya chini huku wakidhani wanagombania ya juu.

Mtu pia anaweza kunyimwa kupitia namba hiyohiyo. Sheria ya Urithi inawahesabu watoto wote sawa, wa kike na wa kiume. Sheria ya Kiislamu inampa binti nusu ya fungu la kaka yake, na mjadala juu ya hilo ni mrefu: wapo wanaosema mzigo wa matumizi uko kwa mwanamume, wapo wanaosema maisha yamebadilika na wanawake wanalisha familia. Lakini kwenye sheria zote mbili binti yumo ndani ya hesabu. Kile kinachotokea nyumbani, Pwani na bara, ni tofauti. Anaambiwa "wewe utaolewa," ama "tuachie nyumba tutaelewana," na asili inapigwa bila yeye. Ndugu watatu wa kiume na dada wawili, mali inakatwa tatu. Kila kaka anaonyesha theluthi yake na hesabu inafika moja kamili. Kwenye karatasi haionekani kama kuna mtu amepunjwa, kwa sababu waliopunjwa hawakuandikwa.

Kuna njia nyingine ya kuwapunja watu, nayo ni kuchelewa. Turudi kwa mzee wetu mwenye mke, mama na kijana mmoja, kwa asili ya 24. Tuseme mali ni nyumba, na hakuna aliyeigawa. Mjane naye akafariki, akiacha mama yake mzazi na kijana yuleyule. Fungu la mjane lilikuwa 3 za 24. Sudusi ya hizo ni ya mama yake, yaani 1 ya 48. Sasa asili imekuwa 48: mama wa mzee 8, mama wa mjane 1, kijana 39. Kizazi kimoja kimepita na asili imeongezeka mara mbili. Subiri kizazi kingine, na kingine, mpaka warithi wawe wako Mombasa, Muscat na Toronto, na kila mmoja ana kipande ambacho hakiwezi hata kununua mlango wa ile nyumba. Wanazuoni wana mlango mzima wa hesabu kwa ajili ya vifo vinavyofuatana hivi, unaoitwa munasakha. Inawezekana kuikokotoa. Ni kwamba mwishoni haki ya mtu inakuwa namba ndogo sana kiasi kwamba anachoka kuidai, na aliyekaa ndani ya nyumba anajua hilo.

Kwa hivyo siku familia yenu itakapokaa, na itakaa tu, usianze na "mimi napata ngapi." Chukua karatasi. Andika majina ya wote wenye haki, walio ndani ya chumba na wasiokuwa ndani. Uliza ni sheria gani inatumika, na inahesabu kwa nyumba, kwa vichwa ama kwa mafungu. Halafu andika namba ya chini, kubwa, kila mtu aione, na mkubaliane juu yake kabla hamjaandika namba yoyote juu. Kama jumla inazidi, mtaona mapema na mtajadili nani apunguze. Na kama kuna jina halipo, hapo ndipo pa kuuliza, kabla shamba halijapimwa na vigingi havijapigwa.